Kusalimika Porini: Sababu Kwanza, Zana Baadaye

Kusalimika porini ni kazi ya kuulinda mwili usivuke mipaka michache. Joto la ndani la mwili hukaa karibu na nyuzi 37. Likishuka chini ya 35, akili huanza kuzubaa na vidole hukosa ustadi. Bila hewa mtu hufa ndani ya dakika chache, bila maji ndani ya siku chache, na bila chakula anaweza kuvumilia wiki kadhaa. Kila kifaa cha safari za porini, kuanzia kisu hadi simu yenye ramani, kimetengenezwa ili kulinda mmojawapo wa mipaka hiyo katika hali fulani. Hali ikibadilika, kifaa chenyewe hakisemi kitu. Anayepaswa kulitambua hilo ni aliyekishika.

Katika mkoa wa Haut-Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, suala hili haliwahusu watalii peke yao. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, imezungukwa na miombo, misitu ya miti iliyoachana yenye nyasi chini yake, inayoendelea mamia ya kilomita hadi ndani ya Zambia. Humo huingia wachoma makala, akina mama wanaotafuta uyoga, wawindaji, wachimbaji wadogo, na abiria wa malori yaliyokwama njiani kwenda Pweto au Mitwaba. Kaskazini zaidi, kati ya Manono, Mitwaba na Pweto, katika eneo ambalo mapigano yaliliachia jina la pembetatu ya mauti, familia nyingi zimewahi kukimbilia porini zikiwa na nguo walizovaa tu. Watu hao hawakuchagua vifaa. Walichoingia nacho ni kile walichokuwa wakikijua.

Hatari ya kwanza, na inayodharauliwa kuliko zote, ni baridi. Msomaji anayefikiria Afrika kuwa nchi ya jua tu atashangaa, lakini mkaazi wa Lubumbashi anaujua mwezi wa Juni na wa Julai: mchana ni mkavu na wa kupendeza, usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10, na juu ya nyanda za Kundelungu na Biano baridi huzidi. Mwenye jasho au nguo zilizolowa hupoa upesi sana, kwa sababu maji huchukua joto la mwili mara 25 hivi zaidi ya hewa iliyotulia. Upepo nao huondoa ule utando mwembamba wa hewa vuguvugu unaoizunguka ngozi. Na ardhi, ambayo wengi huisahau, hunyonya joto usiku kucha kutoka kila sehemu ya mwili inayoigusa.

Anayeelewa njia hizo tatu za kupoteza joto anajua la kufanya hata kama hana kitu. Nyasi kavu zimejaa kila mahali majira ya kiangazi. Akizikata na kuzilaza chini mpaka ziwe nene kiasi cha kufika gotini, zitabonyea chini ya uzito wake na bado zitabaki na hewa ndani. Hewa hiyo iliyonaswa ndiyo inayomkinga, si nyasi zenyewe. Nyasi na majani yakijazwa kati ya shati na koti yatafanya kazi ileile. Akilala nyuma ya kichuguu kikubwa, upande usiopigwa na upepo, amekwisha kuziba njia ya upepo. Vichuguu vya nyanda za Lubumbashi hupita urefu wa nyumba, na wakati wa mvua ndivyo vinavyobaki vikavu wakati mbuga zinapojaa maji. Kabla ya kulala hapo lazima akague mashimo, maana nyoka nao hupenda vichuguu vilivyohamwa na mchwa.

Sasa achukuliwe mtu mwingine mwenye lile shuka jembamba linalong'aa la dharura, asiyejua linavyofanya kazi. Shuka hilo hurudisha joto linalotoka mwilini kwa mnururisho na huzuia upepo. Haliwezi kuzuia joto linalopotelea ardhini, kwa kuwa halina unene wa kushika hewa. Akijifunika na kulala juu ya udongo mtupu, ataamka usiku wa manane akitetemeka huku akikilaumu kifaa. Wa kwanza, mwenye kitanda cha nyasi, atakuwa amelala vizuri zaidi. Angelikuwa na lile shuka pia angelala vizuri sana, na hiyo ndiyo nafasi halisi ya zana: huongeza nguvu ya aliyekwisha kuelewa.

Moto unafuata mantiki hiyohiyo. Unahitaji joto, kuni na hewa. Kimoja kikikosekana unazimika. Njiti ya kiberiti inaleta joto la sekunde chache tu, kwa hiyo anayeiwasha chini ya gogo nene ameipoteza. Joto dogo linatosha kuwasha kitu chembamba na kikavu, nacho kiwashe kingine kinene zaidi kidogo, na kuendelea. Wakati wa mvua kuni zilizolala chini zimeloa, lakini matawi makavu yaliyokwama juu ya miti, na kiini cha ukuni uliopasuliwa, huwa havijaloa. Mtu mwenye njiti tatu za kiberiti na ujuzi huu ana moto; mwenye pakiti nzima asiyekuwa nao ana moshi.

Upande wa hewa una somo ambalo Lubumbashi imelilipia kwa uhai wa watu. Baridi ikizidi, baadhi ya familia huingiza mbabula, jiko la makala, ndani ya nyumba na kufunga milango na madirisha. Makala yanayoungua bila hewa ya kutosha hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoishika damu na kuizuia kubeba oksijeni. Waliolala hawaamki. Ndani ya hema, au kibanda cha matawi kilichozibwa kwa plastiki, hatari ni ileile hata kama jiko ni la kisasa na la bei kubwa.

Moto wa nyika, ambao huenea sana Agosti na Septemba nyasi zikiwa zimekauka, nao unaeleweka kwa kanuni hiyo. Hauwezi kupita mara ya pili pale ulipokwisha kuteketeza nyasi. Ndiyo maana mahali salama mara nyingi ni ardhi nyeusi iliyokwisha kuungua, au uwanja mtupu wa udongo, au msitu mzito na mbichi unaoitwa muhulu. Kukimbilia juu ya kilima ni kosa, kwa kuwa moto hupanda mteremko kwa kasi; hewa ya moto huenda juu na kukausha nyasi zilizo mbele yake.

Maji ndiyo sehemu ambapo Katanga inawafundisha walimwengu wote jambo la pekee. Kila mwongozo wa porini husema: chemsha maji, kisha unywe. Ni agizo zuri. Kuchemsha hadi yatokote kwa dakika moja huua vijidudu vya kipindupindu, vya homa ya matumbo na vya kuhara. Katika mwinuko wa Lubumbashi maji hutokota kwenye nyuzi 96 hivi, chini kidogo ya 100, na bado hilo linatosha kabisa. Kipindupindu kimekuwa kikirudi mara kwa mara katika maeneo ya maziwa, Kalemie, Moba, Bukama, na kimewahi kufika Lubumbashi yenyewe, kwa hiyo hakuna anayepaswa kupuuza sufuria.

Lakini kuchemsha kunafanya kazi kwa sababu vijidudu ni viumbe hai, na joto huviua. Shaba, kobalti na risasi si viumbe hai. Joto haliziondoi; maji yanapopungua kwa mvuke, zinabaki zimekolea zaidi. Katika ukanda wa migodi kutoka Kipushi hadi Likasi na Kolwezi, kijito kinachotoka chini ya lundo la mabaki ya mgodi au ya kiwanda kinaweza kuwa na maji angavu kabisa yasiyofaa kunywewa. Ziwa Tshangalele, lililotokana na bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira, kwa miongo mingi limepokea metali kutoka viwanda vya Likasi. Mwaka 2009 Profesa Célestin Banza wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Ubelgiji walichapisha utafiti ulioonyesha viwango vya juu mno vya kobalti katika mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia madini vya Katanga. Athari za metali hizo ni za muda mrefu, na mtu anayekaribia kufa kwa kiu hana budi kunywa alichokipata. Mwenye nafasi ya kuchagua, hata hivyo, anaweza kuchagua vizuri akijua anachokitafuta.

Na mazingira yenyewe humwambia. Vilima vya shaba vya Katanga havina miti. Katikati ya miombo huonekana kama vipara vya nyasi fupi. Juu yake huota mimea inayovumilia shaba, maarufu kati yake ikiwa ua dogo la zambarau ambalo wataalamu huliita Haumaniastrum katangense. Watafuta madini wamelitumia kama alama ya kuonyesha mahali pa kuchimba. Anayetafuta maji anaweza kuisoma alama hiyohiyo kwa kusudi la kinyume: ahamie kijito kinachotoka upande wenye msitu. Kichujio cha kubebwa mfukoni hakitamwonya. Vingi vyavyo vina vitundu vinavyonasa vijidudu, ilhali metali iliyoyeyuka hupita humo pamoja na maji.

Chakula kinakuja mwisho katika mpangilio wa hatari, lakini ndicho kinachowashughulisha watu mapema mno. Historia ya Kongo ina mfano mzito wa msafara wenye zana nyingi uliokwama kwa kukosa ujuzi wa jikoni. Februari 1887 Henry Morton Stanley aliondoka Zanzibar na Wazanzibari zaidi ya 600, akiwa na bunduki ya Maxim na boti ya chuma iliyogawanyika vipande, ili kumfikia gavana Emin Pasha kwa kupitia mto Kongo. Kikosi cha nyuma, chenye watu zaidi ya 250, kiliachwa Yambuya kwenye mto Aruwimi kikisubiri mizigo na wapagazi. Stanley alipokikuta tena Banalya, Agosti 1888, zaidi ya nusu ya watu hawakuwepo, wengi wao wakiwa wamekufa. Sababu zilikuwa kadhaa: maradhi, njaa, na ukatili wa viboko. Mojawapo, ambayo Stanley mwenyewe aliiandika, ilikuwa muhogo mchungu uliokuwa ukiliwa bila kutayarishwa inavyopasa. Wenyeji wa nchi hiyohiyo waliula muhogo huo kila siku wakiwa salama.

Siri yake inaeleweka. Muhogo mchungu una kemikali inayozalisha sianidi pale inapokutana na kimeng'enya kilichomo ndani ya kiazi hichohicho. Ukilowekwa siku tatu au zaidi, kiazi hulainika, vitu hivyo viwili hukutana, na sumu hutoka ndani ya maji na hewani wakati wa kuanika. Ukitupwa haraka ndani ya maji yanayochemka, joto huharibu kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na sehemu kubwa ya kemikali hubaki ndani ya kiazi kilichoiva na kinachopendeza macho. Mtu aliyezoea muhogo mtamu wa kuchoma hawezi kulikisia jambo hilo. Katika eneo la Kahemba, kusini-magharibi mwa Kongo, kupunguza siku za kuloweka kutoka tatu hadi moja, ili kuwahi soko la Kinshasa, kumehusishwa na ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu moja kwa moja.

Mambo kama hayo yalitokea Australia. Mwaka 1860 Robert Burke na William Wills walitoka Melbourne na mizigo ya tani 20 hivi. Mwaka uliofuata wote wawili walikufa kwenye kingo za Cooper Creek, wakijaribu kula nardoo, mmea ambao Wayandruwandha wa hapo walijua kuutayarisha usilete madhara. John King, mwenzao, alisalimika kwa sababu Wayandruwandha walimpokea na kumlisha.

Miombo ya Katanga ina neema yake. Masuku huiva mvua zinapoanza, viwavi huokotwa kwa majira yake, na Profesa François Malaisse, aliyefundisha Lubumbashi kwa miaka mingi, alichapisha mwaka 1997 kitabu kizima juu ya vyakula vya misitu hii. Uyoga unaouzwa kando ya barabara ya Likasi umeokotwa na akina mama waliofundishwa tangu utotoni na mama zao, aina kwa aina. Asiyefundishwa hana kanuni fupi ya kumsaidia. Kusema kwamba uyoga ulioliwa na wadudu ni salama si kweli, kwa kuwa mwili wa mdudu si mwili wa mtu. Na uyoga wenye sumu kali zaidi huchelewa kuumiza kwa saa nyingi, wakati ini limekwisha kuanza kuharibika. Hapa mpangilio wa mahitaji ndio unaotoa jibu. Uyoga una nguvu kidogo ya kuupa mwili, na mtu anaweza kukaa siku nyingi bila kula. Kwa asiyeutambua kwa hakika, kuuacha hakumgharimu karibu kitu.

Kutafuta njia kunaonyesha wazi kuliko yote kwamba hata maarifa ya kukariri yanaweza kuwa mzigo mtupu. Vitabu vingi vya Ulaya hufundisha kwamba saa sita mchana jua liko kusini. Lubumbashi iko nyuzi 11 na dakika 40 kusini mwa ikweta, na hapo jua la saa sita hukaa kaskazini sehemu kubwa ya mwaka, kisha huhamia kusini kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari. Aliyekariri kanuni ya Ulaya na kupotea mwezi wa Julai atatembea kinyume kabisa na anakotaka. Anayejua chanzo chake, kwamba dunia huzunguka na jua huonekana likitoka mashariki kwenda magharibi, atasimika kijiti wima, aweke alama kwenye ncha ya kivuli, asubiri dakika 20, aweke alama ya pili. Alama ya kwanza iko upande wa magharibi. Njia hii inafaa Lubumbashi kama inavyofaa London, kwa sababu inategemea mwendo wa kivuli, si upande ambao jua limesimama.

Hata hivyo kutembea si lazima kuwe jibu la kwanza. Mwaka 2009 Jan Souman na wenzake wa Taasisi ya Max Planck huko Tübingen walionyesha kwamba watu wakiwa msituni bila kuona jua huzunguka na kurudi kwenye nyayo zao wenyewe, huku wakiamini wanakwenda moja kwa moja. Siku ya mawingu ya Januari katika miombo, ambamo kila mti unafanana na mwenzake, kukaa mahali pamoja kunamrahisishia kazi anayemtafuta mtu. Kama kutembea ni lazima, inafaa kulenga mstari mrefu badala ya nukta. Aliyepotelea kusini-magharibi ya barabara ya Lubumbashi kwenda Likasi akielekea kaskazini-mashariki ataikata barabara mahali fulani, hata akikosea kidogo. Akilenga kijiji kimoja anaweza kukipita kwa mita mia tatu asikione.

Agizo la kufuata mto nalo linahitaji kufikiriwa. Mkesha wa Krismasi wa 1971, ndege ya shirika la LANSA ilivunjika angani juu ya msitu wa Peru. Juliane Koepcke, msichana wa miaka 17, ndiye pekee aliyesalimika kati ya wote waliokuwemo. Alikuwa na kandambili moja na mfuko wa peremende. Alikuwa ameishi na wazazi wake, wataalamu wa wanyama, katika kituo chao cha utafiti msituni, na alijua kwamba kijito huingia kijito kikubwa zaidi, na kwamba kwenye mito mikubwa ya nchi ile ndiko watu hukaa. Siku ya 11 wakata miti walimkuta. Lakini kwenye uwanda wa Kundelungu mtu akiufuata mto Lofoi atafika ukingoni pa maporomoko yenye kimo cha zaidi ya mita 300. Katika bonde la Upemba, Lualaba hutawanyika ndani ya maziwa na mafunjo, makao ya viboko na mamba. Kanuni ya Koepcke haikuwa kwamba maji yanaokoa. Ilikuwa kwamba anayepotea aelekee wanakoishi watu, na katika nchi yake mto ndio ulioelekea huko. Katika miombo kazi hiyo hufanywa na njia ya wachoma makala, alama za magurudumu ya baiskeli, mlio wa shoka, moshi wa alfajiri.

Zana chache zinastahili kubebwa daima, na hakuna sababu ya kuzidharau: panga au kisu, kiberiti kilichofungwa ndani ya plastiki, chombo cha chuma cha kuchemshia maji, filimbi ambayo mlio wake hufika mbali kuliko sauti iliyochoka, na simu. Juu ya simu kuna kutoelewana kwingi. Kipokezi chake cha mahali husoma setilaiti moja kwa moja na hakihitaji mtandao. Kinachohitaji mtandao ni ramani, ambayo inaweza kuhifadhiwa kabla ya safari. Kutafuta mtandao usiokuwepo ndiko kunakomaliza betri upesi, kwa hiyo simu izimwe au iwekwe katika hali ya ndege, iwashwe mtu akiwa amepanda mahali pa juu. Na kabla ya yote hayo, mtu aliyebaki nyumbani aambiwe njia itakayofuatwa na siku ya kurudi, kwa kuwa utafutaji hauanzi mpaka mtu fulani agundue kwamba kuna aliyechelewa, na ajue ni upande gani wa kuanza kumtafuta.